Kucheka na mtu si kumcheka mtu

Matatu ya Kawangware ilikuwa ikipanda Valley Road ikitoka katikati ya jiji, kila abiria na yake. Msichana mmoja akapokea simu, akajibu kwa Kiingereza cha adabu. Alikuwa akielekea kwenye mahojiano ya kazi huko Lavington, ila kinywani mwake likatoka "Ravington".

Vijana wawili kiti cha nyuma wakapasua kicheko. Manamba akalirudia neno hilo kwa sauti, gari zima likaangua kicheko. Msichana alikata simu, akashuka Hurlingham, ingawa nauli alikuwa amelipa hadi mbele. Kama alifika kwenye mahojiano hayo, sijui.

Waingereza wana maneno mengi ya kicheko cha namna hii. "Snigger" ni kuchekea kwapani, "jeer" ni kuzomea, "sneer" ni kubetua midomo kwa dharau. Kiswahili nacho si maskini: kuna kejeli, kebehi, dhihaka, stihizai na kubeza. Hata neno "kucheka" lenyewe hufichua nia. Tulicheka, hiyo ni furaha ya wote. Tulimcheka, hapo kuna aliyeumia. Ukimchekea mgeni umemwonyesha bashasha; ukichekelea msiba wa jirani, umefurahia kuanguka kwake.

Nairobi nayo imeongeza yake. Kuna mchongoano, ambapo vijana hutaniana kwa maneno makali huku wenzao wakishangilia. Lakini katika mchongoano kila mmoja ana zamu ya kujibu. Kuna pia "kushrabu", yaani lugha ya mama kusikika ndani ya Kiingereza chako. Anayechekwa kwa kushrabu hana zamu.

Na kosa lake ni lipi? Kikuyu hakitenganishi sauti za l na r. Kijaluo hakina sh, kwa hivyo "shati" huweza kuwa "sati". Ulimi hufuata ulichozoea utotoni. Hilo halihusiani na akili. Mpe Mwingereza neno "ng'ombe" alitamke, usikie atakavyohangaika. Lakini yeye hatumcheki. Tunampigia makofi kwa kujaribu!

Dharau hii ina historia. Katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi wanafunzi walionaswa wakisema Kikuyu walivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu shingoni. Kibao hicho kilitufundisha kuionea haya sauti ya nyumbani, na leo tunawacheka wengine kabla hatujachekwa sisi.

Msomaji mpenzi, siku nyingine kicheko kikikupanda ndani ya matatu, jiulize kwanza: je, huyu atacheka pamoja nami? Kama sivyo, kimeze. Wahenga walisema, mcheka kilema hafi bila kumfika. Huenda kesho simu itakayolia ikawa yako.