Mpira wa mafuta wa gari la zamani: soma maandishi kabla ya kununua

Kwenye barabara ya Kitale hadi Webuye na Bungoma, Peugeot 504 za kubeba mizigo na Land Rover za miaka mingi bado zinafanya kazi, hasa wakati wa mavuno ya mahindi. Wenyewe huzitunza injini vizuri. Kinachosahaulika ni mpira wa mafuta, ule mpira mweusi mfupi unaounganisha paipu ya chuma na pampu, chujio na kabureta. Ukipasuka, petroli humwagikia injini yenye moto. Land Rover Series ya petroli ina hatari zaidi, kwa sababu kabureta yake imekaa juu ya ekzosi, upande ule ule.

Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Dalili zake ni nyufa karibu na klipu, ugumu kama wa mti au, kinyume chake, kulainika na kunata. Harufu ya petroli asubuhi kabla gari halijawashwa isipuuzwe hata siku moja. Mpira ulio mzima kwa nje unaweza kuwa umeoza ndani, na ndani ndiko petroli inakopita. Mpira wa kawaida wa naitraili hustahimili petroli tupu, lakini huchakaa upesi petroli ikiwa na ethanoli. Mchanganyiko huo si mgeni nchini: miaka ya 1980 petroli ya Kenya ilichanganywa na ethanoli ya miwa kutoka Muhoroni.

Dukani, mpira wa mafuta na mpira wa maji hufanana sana, na wa maji huwa bei rahisi. Hapo ndipo watu hukosea. Mpira wa maji haukutengenezwa kuhimili petroli. Hufura, ukalainika, kisha ukachomoka. Mnunuzi asome maandishi yaliyopigwa kwenye mpira wenyewe. SAE J30 R6 au R7 hufaa gari la kabureta. R9 una utando maalumu ndani unaohimili ethanoli pamoja na shinikizo kubwa, na hufaa kabureta pia, ingawa ni ghali kidogo. Mpira usio na maandishi yoyote ubaki dukani. Vilevile, R9 haufai kutumbukizwa ndani ya tangi. Huko hutakiwa R10.

Anayehitaji uangalifu zaidi ni mwenye gari la zamani lililobadilishwa injini. Pampu ya kabureta husukuma mafuta kwa pauni chache tu kwa kila inchi ya mraba. Injini ya injeksheni inaweza kufika pauni 40 na zaidi. Fundi akiweka injini mpya na kuacha mipira ya zamani, gari litawaka na kutembea vizuri, na mwenyewe ataamini kazi imekwisha. Gari kama hilo libadilishwe mipira yote iwe R9, pamoja na klipu. Klipu zenye matundu kwenye ukanda hukata mpira zikikazwa sana; za injeksheni zina ukanda laini.

Kazi ifanywe nje, injini ikiwa imepoa na waya hasi wa betri umetolewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi kwenye jiko la jirani au mashine ya kuchomelea, kwa hiyo shimo la karakana si mahali pa kazi hii. Baada ya kufunga, injini iwashwe, kila kiungo kikaguliwe kwa tochi, kisha kikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza.

Moto ukitokea barabarani, zima injini, toa abiria na usifungue boneti wazi, kwani hewa huuongezea nguvu. Kizima moto cha poda hupulizwa kupitia mwanya mdogo wa boneti. Maji yasimwagwe, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kusambaza moto. Nambari za dharura ni 999 na 112.