Kilo za Vidonge Hazikohoi

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Safari hii ni mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, amekuja na binti yake wa miaka 19 anayejiandaa kwenda chuo Dodoma. Binti ni mwembamba tangu utotoni. Tulishampima kifua kikuu, VVU na sukari, kote salama. "Dokta, sasa si umwandikie tu vile vidonge vya kuongeza mwili? Kule Dodoma kuna vumbi na baridi. Mafua makali yakimkuta hana akiba, yatammaliza." Nikauliza vidonge gani. Akafungua mkoba, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Kumbe vilishanunuliwa, na binti alikuwa anavimeza wiki ya tatu.

Naulizwa hivi tangu mwaka wa corona, na uvumilivu wangu umefika mwisho. Chini ya swali hili kuna imani moja: kwamba kirusi cha mapafu hula mwili kama moto unavyokula kuni, kwa hiyo mwenye mwili mkubwa ana kuni za kutosha hadi moto uzime. Si kweli. Na akiba ikiwa imetoka kwenye vidonge hivi, ni hatari juu ya hatari.

Imani yenyewe najua ilikotoka, na sitamdharau mtu kwa kuishika. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wenyeji wakauita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikivuka mpaka; upande wa pili, Rakai nchini Uganda, ukaitwa Slim, yaani wembamba. Kizazi kizima cha kanda hii kilizika ndugu waliokonda hadi wakabaki mifupa. Mpaka leo mtu wa Igoma au Sengerema akipungua kilo nne, majirani hushusha sauti anapopita. Mashavu yaliyojaa yakawa cheti cha afya, na cheti hicho tukakibeba hadi kwenye magonjwa yasiyohusika nacho.

Mafua makali na UVIKO-19 haviui kwa kumkausha mtu miezi na miaka. Kwa wengi kesi huamuliwa ndani ya wiki mbili au tatu, na katika siku hizo mgonjwa haishiwi mafuta. Anaishiwa pumzi. Mwenye kitambi akilala chali, mafuta yaliyozunguka matumbo husukuma kiwambo, kile kinachotenganisha kifua na tumbo, kwenda juu, na sehemu za chini za mapafu zinabanwa, hewa haiingii vizuri. Akiwa mzima haoni shida, labda anahema tu akipanda mlima wa Bugando. Kirusi kikianza kujaza uvimbe na majimaji kwenye mapafu hayo yaliyokwisha banwa, oksijeni inashuka mapema na kwa kasi. Isitoshe, mafuta ya tumboni hayakai kimya kama samli kwenye chupa. Yanamwaga kwenye damu kemikali zinazochochea uvimbe, na kinga ya mwenye mafuta mengi mara nyingi huchelewa kukibana kirusi kisha hufoka kupita kiasi. Watafiti waliofuatilia familia za Managua, Nicaragua, waliona watu wazima wanene wenye dalili wakiendelea kutoa virusi vya mafua ya aina A kwa muda uliozidi wa wenzao kwa asilimia 42.

Jambo hili si geni. Lilijitokeza waziwazi katika mlipuko wa mafua ya H1N1 mwaka 2009, miaka kumi kabla ya corona. Kisha mwaka 2021 ukachapishwa utafiti wa watu milioni 6.9 wa Uingereza. Hatari ndogo kabisa ya kulazwa kwa UVIKO-19 ilikuwa kwa watu ambao, kwa mwanamke wa sentimita 160, wangekuwa na kilo 59 hivi. Juu ya hapo, kila kilo mbili na nusu ziliongeza hatari kwa asilimia 5 hivi, na ongezeko lilikuwa kali zaidi kwa walio chini ya miaka 40 na kwa watu weusi. Soma sentensi hiyo tena kama wewe ni kijana wa Nyakato unayejivunia kitambi. Nchini kwetu wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 katika takwimu za 2004–05. Za 2015–16 zikaonyesha 28.

Mama wa Mwaloni ana haki ya kunijibu hapa, maana utafiti huohuo ulionyesha hatari ikipanda pia kwa waliokonda sana. Ni kweli. Ila aliyekonda sana hakupungukiwa mafuta tu, amepungukiwa misuli, na misuli ndiyo inayotumika siku ya shida. Kiwambo ni msuli. Kati ya mbavu ni misuli. Kikohozi chenye nguvu ya kutoa makohozi kifuani ni kazi ya misuli ya tumbo, na asiyeweza kukohoa hubaki na uchafu mapafuni hadi bakteria wapate makazi. Tena homa ikipanda, mwili huvunja protini ya misuli na kuwapelekea askari wa kinga malighafi na chakula. Ghala la dharura ni hilo. Mgonjwa mahututi hulichoma upesi mno: utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha msuli wa paja ukipungua karibu asilimia 18 kwa siku kumi tu. Aliyeingia wodini na misuli haba hana cha kupunguza.

Ndiyo maana mizani peke yake hainiridhishi. Wenzetu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hapahapa Mwanza walipochunguza wagonjwa wa kifua kikuu, katika kazi zilizochapishwa mwaka 2011, hawakuishia kwenye kilo. Walipima pia mafuta, misuli na nguvu ya kiganja kukamata. Kilo tano za misuli na kilo tano za mafuta husoma sawa kwenye mizani, lakini moja inakohoa na nyingine inalalia kiwambo.

Sasa turudi kwenye kikaratasi cha yule mama. Vidonge ninavyoletewa huwa ni vya aina mbili, mara nyingi vimechanganywa. Cha kwanza ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huleta usingizi na njaa. Unakula zaidi, unalala zaidi, unanenepa. Ukiacha, njaa inaondoka na kilo zinaifuata. Cha pili ndicho kinachoninyima usingizi mimi: deksamethasoni. Hii ni steroidi kali. Hujaza uso ukawa duara, hurundika mafuta tumboni na nyuma ya shingo, na hushikilia maji mwilini. Mtu akijitazama kwenye kioo anaona "mwili umekuja". Wakati huohuo inavunja protini ya misuli, hasa ya mapaja na mabega. Yaani inaongeza tishu inayobana mapafu na kula ile inayoyaendesha. Hakuna namna ya haraka zaidi ya kumwandaa mtu mzima ashindwe na mafua.

Nilimwambia binti ainuke kwenye kiti mara tano bila kushika popote. Mara ya nne akajisukuma kwa mikono. Ana miaka 19. Mama akaniambia, "Lakini mashavu yamejaa, Dokta."

Na si misuli tu. Deksamethasoni hupandisha sukari, hupunguza kinga, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Mtu mwenye minyoo ya strongiloidi, ile inayoingilia ngozi ya miguu, anaweza kuikuta imesambaa mwili mzima. Ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza steroidi yako ya asili. Hapo ukiumwa homa kali, au ukiacha vidonge ghafla, mwili hauna homoni ya kukusimamisha, na shinikizo la damu linaanguka.

Kuna wanaonijibu kwa kujiamini: "Si ndiyo dawa iliyotibu corona?" Ilisaidia, na ni muhimu kujua ilimsaidia nani. Majaribio ya Uingereza ya mwaka 2020 yalitoa miligramu 6 kwa siku, zisizozidi siku kumi, kwa wagonjwa waliolazwa. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa wodini bila kuhitaji oksijeni, waliopewa dawa walikufa asilimia 17.8, wasiopewa 14.0, tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati, lakini faida haikuwepo. Ni dawa ya kuzima kinga iliyofoka ndani ya mtu anayezama. Binti mzima anayekwenda chuo hajazama. Anayemuuzia dawa hii bila cheti cha daktari, amfanye "ajaze mwili", anamdhuru, na nitalisema hili kila nitakapopewa nafasi.

Vitamini za chupa nazo zisikuvutie kwa akiba hiyo. Mwanza na Lusaka zilishiriki jaribio la watu wazima 1,815 wenye VVU waliokonda, wakianza dawa. Vitamini na madini ya dozi kubwa hayakupunguza vifo.

La kufanya ni fupi. Pima kiuno kwa kamba: kisizidi nusu ya urefu wako. Inuka kwenye kiti mara tano, mikono kifuani. Zikizidi sekunde 15, miguu imelegea. Dagaa kila siku, maharage, mayai, maziwa ukiyapata. Punguza soda na chipsi kabla ya kupunguza ugali. Misuli hujengwa kwa kubeba na kupanda: ndoo, ngazi, mawe ya Mabatini, kuchuchumaa na kuinuka. Ukiumwa mafua usilale chali mchana kutwa. Keti, geuka, tembea chumbani, kula protini hata kidogo kidogo. Ukihema ukiwa umekaa, au midomo ikibadilika rangi, nenda hospitali upimwe oksijeni, usingoje nyungu ipoe. Ukipungua uzito bila sababu, pima kifua kikuu, VVU na sukari kabla ya kutafuta cha kukunenepesha.

Kama umekuwa ukimeza vidonge hivyo kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, usiviache leo usiku kwa sababu umesoma makala hii. Vilete, hata kama umebaki na kikaratasi tu, tukupunguzie dozi hatua kwa hatua. Ndivyo tunavyofanya na yule binti. Dodoma ataripoti wiki mbili baada ya wenzake.