Gari Likiinuliwa, Shokapu Nazo Zipimwe



Katika mikutano yetu na madereva wa pikapu kuna lalamiko linalorudi kila mara. Tajiri ameinua gari lake ili lipite milimani, lakini tangu aliinue gari linaruka kama mbuzi, bolti zinakatika, na lawama zote zinamwangukia dereva. Leo nataka tulizungumze jambo hili mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake mna usalama wetu, na mna mishahara yetu pia.

Kwa nini magari yetu yanainuliwa, kila mtu wa wilaya hii anajua. Kutoka Kasese unafuata lami mpaka Kikorongo, unaipita njia ya Katwe, unaingia Bwera na kufika mpakani Mpondwe. Hapo gari lolote linapita. Lakini mzigo hauko kwenye lami peke yake. Kahawa iko juu, Kyarumba, Kyondo, Ihandiro na kwingineko kwenye miteremko ya Rwenzori. Mto Nyamwamba ulipofurika tarehe 1 Mei 2013 tuliona kwa macho, na mwezi wa Mei 2020 mito ikafurika tena, Nyamughasani nao ukiwemo. Maji yakipita huacha mawe makubwa na mifereji njiani. Gari lililo chini linakwama kwa tumbo.

Basi tajiri anampelekea fundi. Fundi anaongeza majani ya springi, au anaweka vishikio virefu kwenye ncha za springi, au anapachika kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Gari linapanda juu sentimita tano au zaidi. Tajiri anafurahi, analipa, anaondoka. Shokapu zinaachwa zile zile za zamani. Hapo ndipo ugonjwa unapoanza.

Miaka michache iliyopita niliitwa Bwera kwa kesi ya namna hiyo. Dereva alikuwa anateremka na magunia ya kahawa. Gurudumu la nyuma likaingia mferejini, shokapu ikang'oka pamoja na kishikio chake, gari likayumba na kugonga ukingo. Tanboi alivunjika mkono. Tajiri akasema dereva amekimbiza gari, na akaanza kumkata mshahara kulipia matengenezo. Dereva, kijana mwenye watoto watatu, hakuwa na la kujibu zaidi ya kusema, "Mzee, mimi sikukimbia."

Mimi si fundi. Shule yangu ni ya msingi tu. Lakini nilimwomba fundi mmoja mzee atusaidie, na tukamwita tajiri naye aje aone. Yale tuliyoyaona siku ile ndiyo nawaletea leo.

Kwanza ni lazima tujue kazi ya shokapu. Wengi hudhani inabeba mzigo. Sivyo. Mzigo unabebwa na springi. Shokapu inatuliza springi isiendelee kuruka. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya mruko inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa baada ya njia mbaya utakuta ni ya moto. Mafuta yakichemka sana yanatoa povu, na povu haliwezi kutuliza kitu. Shokapu zenye gesi zinapunguza povu hilo. Lakini hata iwe na gesi, kama urefu wake si sahihi haitakusaidia.

Urefu una pande mbili. Kuna urefu wa shokapu ikivutwa mpaka mwisho, na kuna urefu wake ikibanwa mpaka mwisho. Gari nalo lina vipimo viwili, gurudumu likining'inia na gurudumu likipanda juu kabisa. Kazi ni kulinganisha vipimo hivyo vinne. Hakuna siri nyingine.

Fundi mzee alifanya hivi. Alifungua shokapu zilizobaki. Aliinua chesisi kwa jeki, akaweka stendi imara chini yake, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari. Ekseli ikaning'inia. Akachukua futi na kupima kutoka tundu la bolti la juu mpaka tundu la chini, akiufuata mstari ule ule ambao shokapu inalala. Tukapata sentimita 58. Kisha tukaivuta ile shokapu ya zamani mpaka mwisho. Ilikuwa sentimita 54.

Ndugu, hapo tajiri alinyamaza. Shokapu ilikuwa fupi kwa sentimita nne. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, ekseli ilikuwa inazuiliwa na shokapu, kama mbuzi anayekimbia mpaka kamba ikamkaba shingo. Upande wa pili shokapu ilikuwa haijang'oka, lakini tundu la kishikio chake lilikuwa limekwisha kuvutika, si duara tena. Dereva angeenda polepole kiasi gani, siku moja ingeng'oka tu.

Tajiri akasema, "Basi nileteeni ndefu kabisa." Akaleta za gari kubwa. Zikivutwa zilifika sentimita 68. Hapo fundi akatufundisha kosa la pili. Aliweka jeki chini ya ekseli upande mmoja, akaisukuma juu mpaka ikaigusa ile raba nene inayozuia ekseli isigonge chesisi. Akapima tena kati ya matundu yale mawili, sentimita 37. Zile shokapu za gari kubwa zikibanwa mpaka mwisho zilikuwa sentimita 43. Maana yake zingefika mwisho kabla ekseli haijagusa raba. Mzigo wote ungepiga juu ya shokapu, na shokapu ingepasuka au kutoboa kishikio. Fupi inavunja ikivutwa, ndefu mno inavunja ikibanwa.

Kumbukeni jambo hili mnapokwenda dukani. Shokapu ndefu ina mwili mrefu pia, kwa sababu pistoni inahitaji nafasi ya kutembea. Ukiongeza urefu wa kuvutwa, mara nyingi urefu wa kubanwa nao unaongezeka. Ndiyo maana haitoshi kumwambia muuzaji, "Nimeinua gari inchi mbili." Mpe vipimo.

Mwishowe tulipata shokapu inayofika sentimita 60 ikivutwa na 38 ikibanwa. Fundi akaishusha ile raba kwa kuweka kipande cha chuma nyuma yake, mpaka kipimo cha juu kikawa sentimita 40. Hivyo tukawa na sentimita mbili za akiba kila upande. Akiba hiyo ni ya lazima, kwa maana raba nayo hubonyea gari likipiga kwa nguvu. Vipimo hivi ni vya gari lile moja. Lako lipime lenyewe.

Kabla ya kushusha gari, angalieni na haya:

Mipira ya breki. Ekseli ikining'inia, mpira usikazwe. Mbele, zungusha usukani pande zote mbili ukiutazama.

Propela shafti. Ihakikishwe haijavutika mpaka karibu na kuchomoka.

Vali ya breki za nyuma. Pikapu nyingi zina kifimbo kinachounganisha ekseli na vali hiyo. Gari likiinuliwa, kifimbo hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Kirekebishwe.

Shokapu zibadilishwe mbili mbili kwenye ekseli moja, pamoja na bushi zake. Inayovuja mafuta imekwisha, hata ikiwa ndefu.

Na mzigo. Gari kuinuliwa si ruhusa ya kuongeza magunia. Gari lililo juu hupinduka upesi zaidi kuliko lililo chini, na kona za Kyarumba hazisamehe.

Sasa nani alipe? Gari ni la tajiri, na kuinua ameamua yeye. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe mitambo anayowapa wafanyakazi ni salama. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo haimruhusu mwajiri kukata mshahara atakavyo, ila kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Yule tajiri wa Bwera, nasema kwa heshima, hakuwa mtu mbaya. Hakuwa anajua. Alipoona futi alimrudishia dereva fedha zake, na akagharimia matibabu ya tanboi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Gari likitoka kuinuliwa, dereva asilipokee mpaka vipimo vinne vimeandikwa kwenye karatasi, na tanboi awepo kama shahidi. Karatasi hiyo aitunze pamoja na leseni yake. Na kila kituo, Kasese, Kisinga na Bwera, kiwe na futi moja ya chama. 

Futi haina ndugu wala tajiri. Inasema lile lile kwa wote. Tuitumie.

Umoja ni nguvu.