Tarehe 1 tunasafisha makaburi. Na wale tuliowaacha porini?

Kila mwaka tarehe 1 mwezi wa nane tunafanya Siku ya Wazazi. Asubuhi tunakwenda makaburini na panga, jembe na ufagio. Tunakata majani, tunapanga mawe vizuri, tunawaombea wazee wetu. Tukirudi nyumbani, watoto wanatuandalia chakula, na siku inaisha kwa furaha.

Mama mmoja wa kikundi chetu hakwenda makaburini mwaka uliopita. Alibaki mlangoni akichambua sombe. Binti yake, anayesoma sekondari, akamwuliza: "Mama, wewe huna mtu wa kutembelea?" Mama akanyamaza kwanza. Halafu akasema: "Niko naye, lakini hayuko makaburini. Ni mtoto wangu wa kwanza. Tulimzika porini mwaka wa 1999, chini ya mti, ndani ya kikwembe changu."

Yule binti alishangaa sana. Miaka yote hakujua kama alikuwa na kaka. Shuleni alikuwa amefundishwa vita na aliweza kutaja yote bila kukosea: AFDL, RCD, MLC, Lusaka, Sun City. Alijua majina ya vyama vyote vya vita, lakini jina la kaka yake hakulijua.

Mama huyo ametupa ruhusa tuandike habari hii bila kutaja jina lake. Tunaileta kwenu kwa sababu si yake peke yake. Hapa Kampene, na katika teritware yote ya Pangi, nyumba nyingi ziko na mtoto, dada au mzee aliyeachwa njiani.

Siku inayofuata

Wengi wetu tunajua tarehe 1. Tarehe 2 hatujaizoea bado. Tarehe 2 mwezi wa nane 1998 ndipo vita vya pili vilianza huko Kivu. Mwezi wa kumi mwaka uleule RCD iliingia Kindu, na Maniema ikagawanyika: hapa wanajeshi, pale Mai-Mai, na raia katikati.

Mwaka wa 2013, vijana Wakongomani wanaoishi London walianza kukumbuka wafu wetu siku hiyo ya tarehe 2. Wakaiita Genocost, maana yake kuua watu kwa ajili ya faida. Sisi tunaoishi karibu na mashimo ya dhahabu na kasiterite hatuhitaji mtu atueleze neno hilo. Baadaye serikali ikaikubali. Sheria ya tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2022, ile inayolinda waathirika wa ubakaji wa vitani na wa makosa mengine makubwa, iliiweka tarehe 2 kuwa siku ya taifa ya kuwakumbuka. Sheria hiyohiyo ilianzisha mfuko wa malipo kwa waathirika, unaoitwa FONAREV.

Kwa hiyo sasa siku mbili zinafuatana. Ya kwanza ni ya wafu walio na kaburi. Ya pili inaweza kuwa ya wale wasio na kaburi, kama sisi wenyewe tutataka.

Hawakufa kwa risasi

Binti yule aliuliza swali la pili: "Kaka alipigwa risasi?" Mama akajibu: "Hapana. Alikufa kwa homa." Binti akasema: "Basi si vita vilivyomuua."

Swali hilo linatuhusu sote. Shirika la International Rescue Committee lilifanya uchunguzi mara kadhaa katika nchi yetu. Mwaka wa 2008 lilikadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa kutokana na vita na matokeo yake, tangu mwezi wa nane 1998 mpaka mwezi wa nne 2007. Wataalamu wengine wameibishia hesabu hiyo, wakisema ni kubwa mno. Lakini uchunguzi huo ulionyesha jambo ambalo mama yeyote aliyekimbia analijua: wengi sana hawakufa kwa risasi wala panga. Walikufa kwa malaria, kuhara, ugonjwa wa mapafu na njaa. Karibu nusu yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano, ingawa watoto hao ni kama mtu mmoja tu kati ya watano katika raia wote.

Homa ile ilikuwa vita. Kituo cha afya kilikuwa kimeporwa. Dawa hazikufika, kwa sababu barabara ilifungwa na treni ya Kindu ilikuwa imesimama. Mama alikuwa analala chini ya majani, anakula mihogo bila chumvi, maziwa yakakauka. Mtoto ambaye angepona kwa vidonge vichache akafa. Askari hakumgusa, lakini ni vita vilivyomuua.

Watu waliopigwa risasi kwa wingi pamoja, kama kule Kasika na Makobola katika Kivu ya Kusini mwaka wa 1998, wanakumbukwa na wenzao. Mtoto aliyekufa kwa homa porini hana anayemkumbuka ila mama yake. Siku mama huyo atakapokufa, mtoto huyo atakuwa kama hakuzaliwa.

Majina yasiyoandikwa hayahesabiwi

Mtu atasema: ya zamani yamepita, kuandika kutasaidia nini? Tutoe mfano mmoja.

Nchi yetu iliishitaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini La Haye, Uholanzi. Mwaka wa 2005 Mahakama ikasema Uganda ina kosa, hasa kwa yaliyotendeka Ituri na Kisangani. Ilipofika saa ya kuhesabu malipo, Kongo ilisema raia 180,000 walikufa, ikaomba zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama ikatafuta ushahidi wa wafu hao, ikaona hautoshi. Hukumu ya tarehe 9 mwezi wa pili 2022 ilichukua hesabu ya kati ya wafu 10,000 na 15,000, ikatoa dola milioni 325 kwa hasara zote.

Hukumu ile haikuhusu Maniema, lakini funzo lake linatuhusu. Mfu asiye na jina mahali popote, hata waamuzi wakitaka kumhesabu, watamhesabu vipi?

Taifa lenyewe lilijaribu kukumbuka, bila kufika mbali. Baada ya mapatano ya Sun City kulikuwa na Tume ya Ukweli na Mapatano, tangu 2003 mpaka 2007. Vyama vilevile vilivyopigana viligawana viti ndani yake, na ikamaliza kazi bila kuwasikiliza waathirika. Kitabu kikubwa kilichobaki ni ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping, iliyotoka tarehe 1 mwezi wa kumi 2010. Inaeleza matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, na Maniema imo. Lakini ni ripoti ya kurasa zaidi ya 500, imeandikwa kwa lugha ya wanasheria. Mwanafunzi wa Kampene haioni darasani. Anachopewa ni tarehe na majina ya wakubwa.

Hatuwalaumu walimu wetu. Wengi hawana kitabu, na wengine wao walikuwa watoto walioficha vichwa chini ya kitanda wakati ule. Tena tunafundisha vita ambavyo havijaisha. Mwezi wa kwanza 2025 Goma ilianguka, mwezi uliofuata Bukavu, na wakimbizi wakatembea tena kwenye njia zilezile. Lakini tukinyamaza nyumbani, mtoto atafundishwa vita na simu, na watu wa kijiweni, na wale wanaotafuta vijana wa kubeba bunduki. Hao hawanyamazi.

Tuseme ukweli wote

Kumfundisha mtoto vita si kumfundisha chuki. Njia kati ya mambo hayo mawili ni nyembamba, na sisi mama tunapaswa kuijua.

Tusimwambie mtoto kwamba kabila fulani ndilo lililotuua. Ripoti ile ya Mapping inataja makosa ya pande zote: majeshi ya nchi jirani, AFDL, RCD, jeshi letu wenyewe, na Mai-Mai pia. Hilo la mwisho linatuuma, kwa sababu Mai-Mai walikuwa watoto wetu na kaka zetu. Wengine walitulinda. Wengine walichukua mbuzi wetu, mihogo yetu na binti zetu. Mtoto akisikia nusu ya kwanza peke yake, kesho atavaa hirizi na kwenda kutafuta bunduki.

Tuseme pia habari ya wakimbizi wa Rwanda waliopita kwetu mwaka wa 1997, kutoka Shabunda kuelekea Kalima na Kindu. Kati yao walikuwemo waliofanya mauaji kwao. Walikuwemo pia wanawake na watoto wengi, miguu imevimba, wakiomba maji. Wengi walichinjwa katika pori letu hili. Nao wako na mama zao mahali fulani.

Na tuchunge midomo yetu kuhusu dada zetu waliobakwa, na watoto waliozaliwa kwa njia hiyo. Mtoto hana kosa la baba yake. Anayemwita "mtoto wa adui" anaendeleza vita katika uwanja wa nyumba yake.

Kaye la majina

Wazee wetu Warega hawakuwa na vitabu, lakini walijua kufundisha. Katika Bwami, kila kitu kidogo cha pembe au cha mti kilishika neno la kumwongoza mtu. Aliyekiona alikumbuka neno lake. Wanawake pia walikuwa na nafasi yao na daraja lao. Wabelgiji waliikataza Bwami mwaka wa 1948, lakini mafundisho hayakufa, kwa sababu watu waliendelea kuyashika.

Tunapendekeza kila kikundi kiwe na kaye moja la majina. Si kazi ya pesa nyingi: kaye, kalamu, na mtoto anayejua kuandika vizuri. Kwa kila mfu tuandike:

– Jina lake lote, na jina ambalo nyumbani mlimwita.
– Wazazi wake ni nani, na alikuwa na umri gani.
– Alikufa lini. Kama hukumbuki tarehe, sema kilichokuwepo: wakati wa kulima mpunga, au wiki tuliyorudi kutoka porini.
– Alikufa wapi: kijiji, mto, njia, mti.
– Alikufa kwa nini. Homa iandikwe, njaa iandikwe, kuzaa bila mkunga kuandikwe.
– Nani alimzika, na nani bado yuko hai wa kushuhudia.

Kama kuna kitu kilichobaki, sufuria iliyobebwa kichwani mpaka porini au kipande cha kikwembe, kitunzeni na mwonyesheni mtoto huku mkimweleza.

Tuweke pia sheria. Kwanza, habari ya mwanamke aliyebakwa haiandikwi bila yeye mwenyewe kukubali. Akikataa, imekwisha, na hakuna wa kumwuliza sababu. Pili, katika kaye hatuandiki jina la jirani tunayemshuku. Kaye ni la wafu, si la kisasi. Anayetaka kushitaki aende kwa mwanasheria. Tatu, kaye likae kwa mama mmoja mwaminifu, na nakala ikae kwa mwingine. Nne, kaye halileti pesa. Mtu akija kuwaambia mtoe franga ili aweke majina yenu katika orodha ya malipo, mfukuzeni.

Na watoto? Mdogo wa miaka sita anatosha kujua kwamba alikuwa na kaka, jina lake hili, na tulimpenda. Wa miaka kumi na mbili anaweza kujua tulivyokimbia na tulivyokula. Kijana mkubwa aambiwe yote, na aachwe aulize. Kama machozi yanakushika, simama, umalize siku nyingine. Hakuna mashindano.

Yule mama wa kikundi chetu hawezi kurudi kwenye ule mti. Mahali pale pamechimbwa, miti imekatwa, hata njia haijulikani tena. Jioni ile ya tarehe 1 alimwambia binti yake jina la kaka yake. Tarehe 2 binti akatoa kaye lake la historia, akafungua ukurasa wa nyuma, akaliandika kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika: miaka miwili na miezi minne, homa, 1999. Halafu akamwuliza mama yake: "Alipenda kula nini?"

Mama alicheka, akasema: ndizi mbivu. Binti akaandika na hilo.

Mkutano unaokuja, tukimaliza likelemba, tutaanza kaye letu. Kila mama aje na jina moja.