Wajibu wa Skuli Mwanafunzi Mwenye Selimundu Anapougua

Katika skuli za Unguja na Pemba wamo wanafunzi waliozaliwa na maradhi ya selimundu, ambayo wengi huyaita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani ya watoto wanaozaliwa na maradhi haya. Siku nyingi watoto hao husoma na kucheza kama wenzao, na kwa sababu hiyo anayelalamika ghafla hudhaniwa kuwa anakwepa somo. Maelezo haya yanakusudiwa kuwafahamisha walimu, wazazi na masheha hatua zinazofaa kuchukuliwa mwanafunzi wa aina hiyo anapougua akiwa skuli.

Selimundu hurithiwa kwa baba na mama, wala haiambukizi. Chembechembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, hugeuka umbo la mundu, zikawa ngumu na kuziba mishipa midogo. Sehemu inayokosa damu huuma vikali, hasa mikono, miguu, mgongo na kifua. Aidha, wengu, kiungo kinachosaidia kupambana na vijidudu, huharibika tangu utotoni. Hivyo basi homa ambayo kwa mtoto mwengine ingeweza kusubiri hadi jioni, kwa mtoto huyu inaweza kuwa dalili ya vijidudu kuenea katika damu na kuhatarisha maisha yake kwa muda wa saa chache.

Jambo la kwanza ni kuyaamini maneno ya mwanafunzi, kwani maumivu haya mara nyingi hayana alama ya kuonekana kwa macho. Anaposema anaumwa, mwalimu afanye yafuatayo:

(a) Amtoe juani au mchezoni, amlaze mahali penye utulivu pasipo na baridi, na amfunike.

(b) Ampe maji ya kunywa kidogo kidogo, mara kwa mara.

(c) Ampe dawa ya maumivu ile tu iliyoachwa na mzazi pamoja na maelezo ya maandishi.

(d) Asiweke barafu wala kitambaa cha maji baridi penye maumivu, kwani baridi hukaza mishipa na kuongeza maumivu.

(e) Mzazi ajulishwe mara moja, na mtu mzima abaki na mwanafunzi. Asirejeshwe nyumbani peke yake wala kukabidhiwa ndugu yake mdogo.

Zipo dalili ambazo haifai kuzisubirisha hadi mzazi afike. Nazo ni joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi; maumivu ya kifua au kupumua kwa shida; mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au maneno kutoeleweka; kuumwa sana na kichwa au kupoteza fahamu; tumbo kuvimba pamoja na viganja na midomo kupauka ghafla; na maumivu yasiyopungua baada ya dawa. Mwanafunzi mwenye dalili mojawapo apelekwe hospitali wakati huo huo, na mzazi aelezwe akutane naye huko. Skuli isiyokuwa na kipimajoto isingojee kukipata. Mwili ukiwa wa moto kwa kuugusa, hiyo ni sababu ya kutosha. Anayempeleka aeleze mapema kwamba mtoto ana selimundu.

Hatua hizi hazitekelezeki vyema bila ya matayarisho. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mzazi na Mwalimu Mkuu waandike karatasi moja yenye namba mbili za simu, hospitali anayohudhuria mtoto, dawa zake na idhini ya kumpeleka hospitali. Walimu wanaomfundisha waifahamu, lakini isitangazwe mbele ya wanafunzi. Ijulikane pia mapema ni chombo gani cha usafiri kitakachotumika.

Kinga nayo ni sehemu ya wajibu huo. Mwanafunzi aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani na kwenda chooni kila anapohitaji, kwani figo zake hupoteza maji mengi. Wakati wa kipupwe aruhusiwe kuvaa sweta, na katika michezo apumzike anapochoka. Katika mwezi wa Ramadhani ikumbukwe kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Ushauri wa daktari ufuatwe, wala mtoto asilaumiwe kwa kunywa maji.

Mwanafunzi anayerejea baada ya kulazwa asaidiwe masomo aliyoyakosa, na asiadhibiwe kwa utoro. Wazazi ambao bado hawajaiarifu skuli hali za watoto wao wanaombwa wafanye hivyo sasa, bila ya kusubiri mtoto augue.