Punda, farasi au sungura wako anakula nyasi gani? Hivi ndivyo unavyoweza kuzikausha bila kumhatarisha

Farasi hawezi kutapika. Punda na sungura vilevile. Chakula kibovu kikishapita kooni hakirudi tena, ndiyo maana nyasi zilizoota ukungu, hata zile ambazo mtu huziona "si mbaya sana", zinaweza kumletea mnyama maumivu makali ya tumbo na hata kumuua.

Kwa familia inayotegemea punda kuchota maji na kubeba mizigo ya sokoni, hilo ni pigo kubwa. Na kiangazi kikibana, wengi hununua robota lolote linalopatikana.

Lakini si lazima ununue. Ukiwa na kipande cha shamba, unaweza kukausha zako mwenyewe.

Anahitaji kiasi gani?

Farasi hula chakula kikavu cha takriban asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 500 anahitaji kilo 7.5 hadi 10. Punda wa kilo 150 hutosheka na kilo 2 hadi 3. Sungura anatakiwa kuwa na nyasi kavu mbele yake muda wote, kwa sababu meno yake hukua maisha yote na nyasi ndizo huyapunguza.

Panda nini?

Kenya, wengi hupanda Boma Rhodes. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo usizifukie sana. Ukipanda mvua inapoanza, unaweza kuvuna mara ya kwanza baada ya miezi 4 hivi.

Lusani, ambayo wengine huiita alfalfa, ina protini na kalsiamu nyingi. Inamfaa sungura mchanga au anayenyonyesha. Sungura mzima asiishi kwa lusani pekee: kalsiamu ya ziada hutoka kupitia mkojo na inaweza kuganda kuwa mawe kwenye kibofu.

Kata lini?

Kata pale karibu nusu ya shamba inapotoa maua. Ukisubiri mbegu zikomae, mashina huwa magumu kama kuni na lishe inakuwa imepungua. Subiri umande ukauke kwanza, na uwe na uhakika wa siku 2 au 3 za jua.

Kuanika

Tandaza nyasi tabaka jembamba na uzigeuze mara 2 kwa siku. Jioni zikusanye ili umande usizilowanishe. Lusani igeuze asubuhi, ikiwa bado na unyevu kidogo. Ikikauka sana majani hupukutika, na lishe nyingi iko kwenye majani, si kwenye vijiti.

Zimekauka kweli?

Usibahatishe. Katakata nyasi kidogo, uziweke kwenye chupa kavu ya kioo yenye mdomo mpana, ongeza chumvi kavu kisha funga na utikise kwa dakika 2 au 3. Chumvi ikigandamana, rudisha nyasi juani. Ikibaki imetawanyika, unaweza kufunga.

Kufunga na kuhifadhi

Huna mashine? Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45 hutoa robota la kama kilo 20. Tandika kamba kwanza, jaza nyasi, kanyaga, kisha funga.

Panga marobota juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Hapa hakuna mzaha: nyasi mbichi zikifungwa hupata joto kwa ndani, na zinaweza kuwaka zenyewe na kuteketeza ghala zima.

Kabla ya kulisha

Fungua robota na unuse. Nyasi nzuri zina rangi ya kijani na harufu tamu. Ukikuta uvundo, weusi au vumbi jeupe, peleka kwenye mboji, hata kama umelinunua kwa bei ghali.

Na ukiona farasi au punda anagaagaa, anageuka kuangalia ubavu wake au amekataa kula, mpigie daktari wa mifugo mara moja. Usingoje kuche.