Umbali wa anga kati ya Nairobi na New York

Umbali wa anga kati ya Nairobi (Kenya) na New York (Marekani) ni takriban kilomita 11,835, sawa na maili 7,350 hivi. Hupimwa kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy kwa kufuata duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe la dunia.

Njia

Kwenye ramani bapa njia hii huonekana kama upinde, hata mtu akadhani rubani anazunguka bure. Sivyo. Mstari uliochorwa kwa rula kwenye ramani ya Mercator ndio mrefu zaidi: una karibu km 12,190. Ramani ya aina hiyo hutanua maeneo yaliyo mbali na ikweta, hivyo haiwezi kulinganisha umbali kwa haki. Uzi ukinyooshwa kwenye tufe kati ya miji hii miwili utaonyesha njia yenyewe.

Kutoka Nairobi njia huelekea kaskazini-magharibi juu ya Uganda na Sudan Kusini, kisha hukata jangwa la Sahara kupitia Chad, Niger na Algeria. Huiacha Afrika kwenye pwani ya Moroko, karibu na mji wa Safi, na kupita jirani na visiwa vya Azori vya Ureno. Katikati ya Atlantiki hufika latitudo ya nyuzi 42 kaskazini, juu kidogo kuliko New York yenyewe, ndipo hushuka kuelekea mjini. Ndege halisi hazifuati mstari huu kikamilifu, kwa kuwa hali ya hewa, upepo na vibali vya anga za nchi huzisogeza huku na huku.

Muda wa safari

Safari za moja kwa moja za Kenya Airways zilianza tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8. Kwenda huchukua takriban saa 15, kurudi takriban 14. Umbali ni uleule. Tofauti hutokana na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao huizuia ndege ikienda na kuisukuma ikirudi.

Nairobi iko nyuma ya ikweta kidogo tu, lakini uwanja wake una kimo cha mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu huenda ikalazimika kupunguza abiria au mizigo. Usiku hewa hupoa na kuwa nzito zaidi, jambo linalosaidia kuruka.

Wakati wa majira ya baridi New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa 8 (majira ya joto ni 7). Abiria akiondoka saa tano usiku atafika saa kumi na mbili asubuhi, kana kwamba amesafiri saa 7 tu.